Siku tano Amritsar

Siku ya kwanza

Ukungu ulitukalia njia nzima. Treni ya kutoka Delhi hadi Amritsar huchukua kama saa sita. Yetu ilijikokota kwa saa tisa, ikisimama kila mara katikati ya mashamba ya ngano ambayo tuliyaona kwa hatua chache tu kutoka relini. Januari Punjab huwa hivyo. Mimi mtu wa Makindu, niliyekulia kwenye vumbi na jua la Ukambani, nilikuwa na sweta mbili na bado napuliza vidole.

Kila niliyemwambia nyumbani kwamba naenda Amritsar aliniuliza nina nani huko. Sina ndugu wala rafiki. Kilichonipeleka ni chakula nilichokula nikiwa mtoto.

Mwaka 1984 mvua zilikatika Ukambani. Wazee wetu wanaiita njaa ile Nikwa Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu hata mwenye pesa mkononi hakupata unga wa kununua. Nilikuwa na miaka sita. Baba alikuwa taniboi wa lori kwenye barabara ya Mombasa, na kuna majuma hakurudi. Mama alitushika mkono, mimi na kaka yangu, akatupeleka kwa Kalasinga. Ndivyo tulivyopaita. Ni hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli, na mpaka leo linalisha kila anayeingia. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unaketi, unaletewa chapati, dengu na chai ya maziwa. Hakuna anayekuuliza kabila wala dini. Mama alitupa agizo moja tu: chapati ya Kalasinga hupokelewa kwa mikono miwili.

Nimekula pale mara nisizoweza kuhesabu, utotoni na hata nilipokuwa mtu mzima nikisafiri. Sikuwahi kuuliza desturi ile ilianzia wapi, wala wale wenye vilemba walikuwa watu gani kabla ya kuwa mafundi wetu wa reli, wa magari na wa mbao. Tumekaa nao zaidi ya miaka mia moja, na tulichowajua nacho ni jina ambalo si lao. Wazee husema Kalasinga limetokana na Kala Singh, mfanyabiashara mmoja wa zamani. Jina la mtu mmoja tukalivisha umma mzima. Wao hujiita Sikh, na maana yake ni mwanafunzi.

Nilifika mjini giza limeingia. Niliweka mzigo chumbani, nikajifunga leso kichwani, nikapanda tuktuk hadi hekalu kuu la Wasikh. Viatu nilivikabidhi dirishani nikapewa kibati chenye namba. Mlangoni kuna mfereji wa maji wa kukanyaga ili uoshe nyayo, na kwa baridi ile maji yaliuma hadi kwenye goti. Kisha ngazi, na ngazi zenyewe zinashuka. Nilizoea nyumba za ibada zilizopandishwa juu ili watu wainue macho. Hii unaiendea kwa kuteremka. Chini kulikuwa na maji meusi, mapana, yametulia, na katikati yake nyumba ndogo ya dhahabu iliyowaka taa. Nyimbo za kinanda cha mkono na tabla zilikuwa zikisikika pande zote. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Siku ya pili

Matembezi yalianza saa mbili asubuhi mbele ya Town Hall, jengo la matofali mekundu la enzi ya Waingereza. Tulikuwa wageni saba. Mwongozaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee mrefu mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Alituamkia kila mmoja kwa kukutanisha viganja, "Sat Sri Akal", kisha akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akatazama leso yangu kichwani, akaniuliza hayo maandishi yanasema nini.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikamsomea, nikamfafanulia maana.

Akanyamaza kidogo. "Basi, dada, nusu ya kazi yangu ya leo umeshaifanya," akasema.

Alianza kwa kutuambia kwamba mji huu ulianza kama shimo. Mwaka 1577 Guru Ram Das, wa nne kati ya Maguru kumi, yaani walimu wakuu wa imani hii, alianza kuchimbisha bwawa mahali hapa, na jina Amritsar ni la bwawa lenyewe, bwawa la maji ya uhai. Lakini Guru hakuchimba akaishia kwenye sala. Mapokeo yanasema aliita watu wa kazi 52 waje wakae kulizunguka: wafua dhahabu, wafumaji, watengeneza viatu, wauza nafaka. Soko na ibada vilizaliwa siku moja. Guru Nanak, wa kwanza wao na mwanzilishi wa imani, aliyezaliwa mwaka 1469, alifundisha kwamba mtu ale kwa jasho lake, agawane alicho nacho, na amkumbuke Mungu. Niliyasikia maneno hayo nikakumbuka gereji za barabara ya Mombasa, mzee mwenye kilemba amelala chini ya lori, mikono imejaa grisi, na jioni mzee huyo huyo yuko hekaluni anagawa chapati. Sikuwahi kujua kwamba hayo mawili ni fundisho moja.

Tuliingia vichochoroni. Mji wa zamani umejengwa kwa vitongoji wanavyoviita katra, na kila katra zamani ilikuwa na lango lake, kisima chake na walinzi wake. Mwalimu alitueleza sababu. Karne ya 18 ilikuwa ya mateso kwa Wasikh. Watawala wa Kimughal waliwawinda, kisha Ahmad Shah Abdali akashuka kutoka Afghanistan mara baada ya mara. Mwaka 1762 alilipua hekalu kwa baruti na kulijaza bwawa vifusi. Wasikh wakajipanga katika vikosi 12, wakawa wanaishi juu ya farasi, wakirudi kila walipopata mwanya kulizibua bwawa na kujenga upya. Viongozi wa vikosi hivyo ndio waliojenga katra hizi. Tulipita katika ngome ya Ahluwalia, ambayo leo ni nyumba za watu na maduka ya nguo, nyaya za umeme zimefumana juu kama utando wa buibui. Usipoambiwa, unapita.

Kwenye njiapanda moja tulikula jelebi zilizotoka kwenye samli ya moto, nene kuliko za Mombasa. Nilikula tatu.

Karibu na hapo kuna gurudwara, yaani hekalu la Kisikh, ndogo ya Saragarhi, kumbukumbu ya askari 21 wa Kisikh waliokufa wote tarehe 12 Septemba 1897 wakilinda kituo cha mlimani dhidi ya maelfu ya wapiganaji. Walikufa wakiwa na sare ya Mwingereza. Hapo nilimuuliza mwalimu swali lililokuwa likinikera: ikiwa Waingereza ndio waliouvunja ufalme wao, mbona waliwafanyia kazi? Hakukasirika. Akanihesabia kama mtu anayeandika ubaoni. Ufalme wa Ranjit Singh uliangushwa mwaka 1849, miaka kumi baada ya kifo chake. Jeshi likavunjwa, ardhi ikatozwa kodi ya fedha taslimu, na kijana asiye na shamba akabakiwa na njia mbili: bunduki ya Mwingereza, au nyundo ya Mwingereza.

"Nyundo ndiyo iliyokuja kwenu," akasema.

Na ni kweli. Reli ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu 1901. Wakati askari wale 21 wanakufa Saragarhi, Wapunjabi wengine walikuwa wanatoboa njia Kenya, wakielekea Tsavo na kwetu Makindu. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kwa kazi ile, na karibu 2,500 hawakurudi hai.

Kuna kichochoro kimoja ambacho mwalimu alitutaka tukipite kimya. Mwaka 1919, baada ya mmisionari mmoja wa Kiingereza kupigwa mahali hapo katika ghasia, Jenerali Dyer wa jeshi la Mwingereza aliamuru kila Mhindi anayetaka kupita atambae kwa tumbo. Kwa siku kadhaa wakazi wa kichochoro hicho, ambao hawakuwa na njia nyingine ya kufika majumbani mwao, walitambaa juu ya taka huku askari wakiwasimamia. Na mama yule wa Kiingereza alikuwa ameokolewa na wenyeji. Mwalimu alituonyesha milango. Watu wanaishi humo hadi leo. Kulikuwa na nguo za mtoto zimeanikwa.

Kisha tukatokea kwenye uwazi, na nikaona minara miwili mirefu ya matofali upande wa mashariki wa hekalu. Niliposikia jina lake nilimshika mwalimu mkono bila kukusudia. Ramgarhia! Jina hilo nimeliona Nairobi kwenye malango ya gurudwara tangu nikiwa msichana, nikidhani ni jina la mtu tajiri. Jassa Singh Ramgarhia alikuwa kiongozi wa kikosi kimojawapo cha vile 12, na alitoka katika ukoo wa maseremala. Aliilinda ngome ya udongo iliyoitwa Ram Rauni, akaijenga upya, ikaitwa Ramgarh, naye akaichukua kuwa jina lake. Baadaye maseremala, wahunzi na waashi wa Kisikh wakajiita kwa jina hilo. Hao hasa ndio waliokuja Afrika Mashariki, kwa maana reli ilihitaji watu wanaojua kuchonga, kufua na kujenga. Zamani bwawa lilizungukwa na nyumba nyingi za vikosi kama hii. Nyingi zilibomolewa ili kupanua njia ya mahujaji. Ya mafundi ndiyo imebaki imesimama. Ndani kuna bamba la jiwe ambalo husemwa alilitwaa Delhi, kwenye ngome ya Wamughal, mwaka 1783. Nililigusa kwa kiganja.

Ndipo tukaingia hekaluni mchana. Guru Arjan, wa tano, aliyelijenga, aliweka milango minne, kila upande mmoja, ili asiwepo mtu wa kusema mlango wangu haupo. Ndani alikiweka kitabu mwaka 1604. Kitabu hicho, ambacho leo kina kurasa 1,430 na huheshimiwa kama Guru aliye hai, kina tungo za Maguru pamoja na za Sheikh Farid, ambaye ni Mwislamu, za Kabir mfumaji na za Ravidas mtengeneza viatu. Dhahabu ilikuja baadaye sana, enzi ya Ranjit Singh. Miaka miwili baada ya kukiweka kitabu, Guru Arjan aliteswa hadi kufa Lahore. Mwanawe Hargobind akavaa panga mbili, moja ya mambo ya dunia na moja ya mambo ya roho, akajenga Akal Takht, baraza linalotazamana na hekalu. Bendera mbili ndefu za rangi ya manjano zinasimama pale kwa ajili ya panga hizo.

Kando ya bwawa kuna mti ambao sikuhitaji kuelezwa. Ni mkunazi! Umezungushiwa uzio, matawi yameegemezwa nguzo kwa uzee. Chini ya mmoja wa mikunazi hiyo, inasimuliwa, mzee aitwaye Baba Buddha alikaa akisimamia uchimbaji wa bwawa. Kwetu tulipiga mikunazi kwa mawe ili kuangusha matunda.

Mwisho mwalimu alitusimamisha mbele ya Akal Takht, akasema hili ni jengo jipya. Sauti yake ilishuka. Juni mwaka 1984 jeshi la India liliingia hapa kuwatoa wapiganaji waliojificha ndani wakiwa na silaha. Ilikuwa siku za kumkumbuka Guru Arjan, hekalu limejaa mahujaji. Vifaru vilipiga, Akal Takht ikavunjika, maktaba yenye maandiko ya karne nyingi ikateketea, na mamia ya watu wakafa, wakiwemo askari, wapiganaji na mahujaji. Mwisho wa Oktoba Waziri Mkuu Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake wa Kisikh, na siku zilizofuata Wasikh zaidi ya 2,700 waliuawa katika mji wa Delhi peke yake, kwa hesabu ya serikali.

Wenzangu waliuliza maswali. Mimi sikuweza. Juni 1984. Nikwa Ngwete. Miezi ile ile ambayo mama alikuwa akitushika mkono kwenda kwa Kalasinga, watu waliotugawia chapati walikuwa wamepata habari hizi. Mahali patakatifu kuliko pote kwao palikuwa pamepigwa mizinga. Huenda miongoni mwao kulikuwa na mwenye ndugu Delhi. Nami nilipojaribu kuwakumbuka nyuso zao, nilikumbuka sahani, kikombe cha bati, na mikono inayoshusha chapati. Sura hata moja sikuiona.

Siku ya tatu

Nilirudi peke yangu Jallianwala Bagh, dakika chache kutoka hekaluni. Tarehe 13 Aprili 1919 ilikuwa sikukuu ya Vaisakhi. Siku tatu kabla, viongozi wawili wa mji, Dakta Satyapal na Saifuddin Kitchlew, walikuwa wamekamatwa, na umati uliokwenda kudai waachiliwe ukapigwa risasi. Siku ya sikukuu maelfu walikusanyika uwanjani, wengine kwa mkutano, wengine wakipumzika tu baada ya hekalu. Dyer aliingia na askari, akawapanga, na bila onyo wakafyatua kwa kama dakika kumi, risasi 1,650. Serikali ilihesabu maiti 379. Wenyeji walihesabu mara mbili na zaidi. Kuna kisima ambamo watu walijitupa wakikimbia risasi. Matundu yako ukutani, yamezungushiwa alama nyeupe.

Njia ya kuingilia ni nyembamba. Magari ya chuma ya Dyer hayakuweza kupita. Siku hizi kuta zake zimepambwa kwa sanamu za watu wanaotembea wakiwa na furaha. Sikuipenda kazi hiyo. Ukuta mtupu ungetosha, na mtu apite asikie wembamba wenyewe ukimbana mabega.

Niliketi nikamkumbuka Harry Thuku. Machi 1922, miaka mitatu tu baadaye, umati ulisimama nje ya kituo cha polisi Nairobi ukidai aachiliwe, nao ukapigwa risasi. Kukamatwa kwa kiongozi, umati mikono mitupu, bunduki. Tulifundishwa shuleni habari ya Thuku kana kwamba ilitokea kwetu peke yetu.

Mchana niliingia Makumbusho ya Mgawanyiko, yaliyofunguliwa mwaka 2017 ndani ya Town Hall ile ile. Agosti 1947 Punjab ilikatwa vipande viwili, kimoja India na kimoja Pakistan, kwa mstari uliochorwa katika majuma matano na mwanasheria ambaye hakuwahi kuishi India, na watu wakauona siku mbili baada ya uhuru. Zaidi ya watu milioni 10 walihama. Kuna koti la darizi na mkoba wa ngozi, vitu vya mwanamke na mwanamume waliochumbiana kabla ya vurugu wakaja kukutana tena kambini. Kuna mfano wa kisima, kwa ajili ya wanawake waliojitosa wasitekwe. Mwaka 1919 kisima, mwaka 1947 kisima. Hapo nilitoka nje nikavuta pumzi kabla ya kuendelea.

Mbele ya ramani nilimtafuta Makhan Singh wetu. Alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji karibu na Gujranwala, akaletwa Kenya mwaka 1927, akaunganisha wafanyakazi Waafrika na Wahindi katika chama kimoja. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki, akafungiwa zaidi ya miaka 11 kaskazini mwa Kenya. Kijiji chake nilikipata upande wa pili wa mstari, Pakistan. Wakati anateseka kwa ajili ya uhuru wetu, alikozaliwa palikuwa pamegeuka nchi ya kigeni.

Siku ya nne

Niliamka usiku wa manane kwenda kuona kitabu kikitolewa Akal Takht kinakolazwa, kikabebwa ndani ya machela ya dhahabu hadi hekaluni. Watu hugombea zamu ya kuweka bega chini ya mti wa machela, hata kwa hatua mbili. Mikeka ilikuwa imetandikwa juu ya marumaru kwa ajili ya baridi. Palipopambazuka nilikwenda jikoni.

Langar ya Amritsar, yaani jiko la hekalu, hulisha watu wapatao elfu 50 siku ya kawaida, na sikukuu hufika laki moja na zaidi, usiku na mchana, bure. Masufuria yake mtu mzima anaweza kusimama ndani. Dengu hukorogwa kwa mwiko mrefu kama kasia. Kuna mashine ya chapati, lakini pembeni yake wanawake wameketi duara wanasukuma kwa mkono, nami nikakaribishwa kwa kusogezewa tu nafasi. Chapati zangu zilichekwa kwa wema. Nazisukuma kwa tabaka, za kwao ni nyepesi na hazitiwi mafuta mpaka mwisho. Ukumbini watu huketi sakafuni kwa mistari, waziri na mwombaji bega kwa bega. Maguru waliliweka hilo kwa makusudi katika nchi ambayo mtu wa tabaka la juu hakula na wa chini. Mgawaji akafika kwangu na kapu. Nilinyoosha mikono miwili kabla hajasema. Akatabasamu, maana wageni wengi hunyoosha mmoja.

Baada ya kula nilijiunga na waosha vyombo. Kelele za sahani za chuma pale ni kama mvua ya mawe juu ya mabati. Unasimama kwenye beseni refu, unapokea, unasugua, unapitisha. Kulia kwangu alikuwa mzee wa miaka themanini hivi, mikono ya shati ameikunja, amevaa bangili ya chuma. Tulifanya kazi muda mrefu. Kisha akatazama leso yangu, akasoma taratibu kwa sauti, "Mgeni njoo..." Nikageuka.

"Wewe mama toka Kenya?"

"Ndiyo, mzee. Makindu."

Sahani ikabaki mkononi mwake, maji yanachuruzika. Alizaliwa Kisumu, akaniambia. Baba yake alikuwa fundi wa reli, wa boila. Yeye aliondoka mwaka 1968 na pasipoti ya Uingereza, wakati ule wenzao walipokuwa wakikimbilia ndege kwa maelfu kabla London haijafunga mlango. Kiswahili chake kilikuwa kile cha karakana, kifupi, kilichonyooka, na alikizungumza kama mtu anayefungua sanduku la zamani.

"Treni bado simama Makindu?"

Nikamwambia kwamba kuna reli mpya tangu 2017, na kituo cha karibu nasi ni Kibwezi. Treni ya zamani ya abiria haipiti tena.

"Na jikoni?"

"Jikoni moto haujazimika, mzee. Mimi nililelewa na chakula kile. Mwaka 1984, wakati wa njaa."

Akairudia tarehe. "Eighty-four," kwa Kiingereza, polepole. Nikamwambia nilichokuwa nimekibeba tangu juzi: kwamba sikujua, kwamba tulikula tu, hatukuwapa pole.

Alisugua sahani ile ile ambayo ilikuwa imeshatakata. Yeye wakati ule alikuwa Uingereza, akasema, na walilia nyumba nzima. Mkewe alikataa kula siku mbili. "Lakini gurudwara kila siku pika. Watu iko na njaa, sisi lia baadaye." Akanipitishia sahani. "Hapana omba samahani, mama. Shika hii, wengine nangoja."

Tuliosha mpaka saa sita.

Siku ya tano

Wenzangu wa matembezi walikuwa wamekwenda Wagah, mpakani, kuona askari wa India na Pakistan wakirusha miguu juu wakati wa kufunga lango. Sikuwa na moyo wa kupigia makofi lango lile baada ya makumbusho. Nilizunguka bwawa kwa mara ya mwisho, nikapokea ile halua yao ya unga, sukari na samli kwa vipimo sawa, yenye joto bado, ikaacha mafuta viganjani.

Treni yangu ilikuwa alasiri. Nilikwenda kwenye dirisha la viatu, nikatoa kibati. Aliyekipokea alikuwa mwalimu wangu wa hesabu. Kilemba leo kilikuwa cheusi, na mabegani alikuwa na kitambaa cha kufutia. Kumbe kila asubuhi asiyokuwa na wageni huja hapa kutunza viatu vya watu asiowajua. Siku zote tatu zilizopita nilipita kwenye dirisha hili nikiangalia namba yangu tu.

Alikwenda akavileta. Vilikuwa na matope ya kichochoro, ya siku ile ile tuliyotembea. Kabla sijamzuia alikuwa ameketi anavifuta, kimoja kimoja, mpaka kwenye nyuzi za soli. Kwetu mtu mzima wa umri wa baba yako hagusi viatu vyako. Nilisimama nikiwa sijui mikono niiweke wapi.

"Baba, tafadhali," nikasema, kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilinipotea.

Alipomaliza alisimama, akanitazama usoni, akavinyoosha kwangu kwa mikono miwili. Nami nilimtazama vizuri, ndevu, kovu dogo juu ya jicho la kushoto, meno yaliyoachana mbele, ili safari hii nisisahau sura. Kisha nikavipokea.